uConsole: kutoka vipande mezani hadi Linux mkononi

Kompyuta ya Linux inayoshikwa kwa mikono miwili, yenye kibodi yake yenyewe, si wazo la juzi. Sharp waliuza Zaurus SL-5500 mwaka 2002. Nokia wakatoa N900 mwaka 2009, kibodi ikitelezea chini ya skrini na mfumo wa Maemo 5 uliojengwa juu ya Debian. Mwaka 2016 ikaja PocketCHIP, ya bei poa, vitufe vigumu kama kalkuleta. Vifaa vyote hivyo vilikufa sokoni, wapenzi wake wakabaki. Sasa hivi kinachotuwasha ni uConsole ya ClockworkPi, kampuni ya China iliyoitangaza mwaka 2022 kwa bei iliyoanzia dola 139: skrini ya inchi 5, vitufe 74 vyenye taa, tufe dogo la kusogezea mshale, na ganda la chuma ambalo ukilishika unajua umeshika kitu.

Msimamo wangu niuseme mapema, kwa sababu hatua zote zinazofuata zinautegemea. Hii ni mashine ya maandishi. Ukiipanga kwa ajili ya terminali, yaani skrini ya kuandikia amri, utatembea nayo kila mahali. Ukiilazimisha iwe laptopu ndogo ya kufungulia tabo ishirini, utaipiga bei mwaka haujaisha.

Kabla hujatoa hela

Una simu ya Android? Weka Termux, programu inayokupa terminali ya Linux kwenye simu, tafuta kibodi yoyote ya Bluetooth, kisha ishi humo wiki moja: andika, ingia kwenye seva, hariri faili. Termux ni bure na inakupa sehemu kubwa ya zana tutakazotumia hapa. Ukiona kazi yako inakwenda na bado roho inataka mashine kamili, yenye mfumo usiofungwafungwa na mtengenezaji wa simu, basi endelea. Ukiona umeifungua mara moja tu ukarudi WhatsApp, pesa yako imepona.

uConsole huuzwa kwa kuagiza na kusubiri, si kitu cha kukikuta dukani Kariakoo au Luthuli. Unapoagiza utachagua moduli ya kichakato. Zipo kadhaa, ikiwemo R-01 ya RISC-V (usanifu wa kichakato ulio wazi kwa wote) ambayo ndiyo ya bei ya chini, lakini kwa mtu wa kwanza nashauri moja tu: Raspberry Pi Compute Module 4, maarufu CM4. Ina kori nne, watu wengi wanaitumia, na ukikwama swali lako limeshaulizwa na kujibiwa. R-01 waachie wanaoupenda usanifu wa RISC-V kwa ajili yake. Kwa kazi ya kila siku itakuchosha.

Ukiamua kununua CM4 kando, soma namba yake vizuri. Chukua mfano wa CM4104000. Baada ya CM4, tarakimu ya 1 maana yake ina Wi-Fi. 04 ni RAM ya GB 4. 000 ni kwamba haina hifadhi ya ndani, yaani ile wanayoiita Lite. Unayotaka ni hiyo ya 000. CM4 yenye hifadhi ya ndani haisomi kadi ya SD kupitia sloti ya kawaida, kwa hiyo ukiiweka utashangaa kadi yako haionekani kabisa. Na ikianza na 0 badala ya 1, haina Wi-Fi.

Betri, na hapa tusiharakishe

Mashine haiji na betri. Inatumia mbili za aina ya 18650, zile seli za duara zenye upana wa milimita 18 na urefu wa 65, zilizojaa kwenye tochi na zilizokuwa ndani ya betri za laptopu za zamani. Mjini zipo tele, na humo humo ndimo matapeli walipo.

Seli ya 18650 iliyoandikwa 9900 mAh ni uongo. Seli nzuri za ukubwa huo ziko kwenye 2500 hadi 3500 hivi, na hakuna muujiza uliowahi kuingiza 9900 kwenye mwili ule. Shika mkononi: ya uongo mara nyingi ni nyepesi ajabu. Nunua seli zenye jina la mtengenezaji anayejulikana, kwa muuzaji ambaye ukirudi kesho utamkuta.

Chagua zenye kichwa bapa. Zile zenye bodi ndogo ya ulinzi chini yake huwa ndefu zaidi ya milimita 65 na zitakusumbua kuingia. Nunua mbili za aina moja, za siku moja. Seli hizi mbili zimeungwa sambamba, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, kwa hiyo ukiweka iliyojaa pamoja na iliyokufa, iliyojaa itamimina umeme kwa mwenzake kwa nguvu. Kabla ya kuzipachika, pima kila moja kwa multimita. Zikipishana zaidi ya sehemu chache za kumi za volti, zichaji zote zijae kwanza kwenye chaja ya nje. Angalia alama za + na – kwenye kishikio, kisha angalia tena. Seli moja ikigeuka umetengeneza shoti, na lithiamu haina msamaha.

Zitakaa muda gani? Piga hesabu mwenyewe. Seli mbili za 3000 mAh kwa volti 3.6 ni kama wati-saa 21.6. Mashine na skrini zikila wati 5, una saa nne na kidogo. Ukipunguza mwanga na kuzima Wi-Fi unavuka hapo. Huchajiwa kwa USB-C, hivyo pawabenki yako ya simu itafanya kazi siku umeme ukikatika.

Kuunganisha

Hapa hakuna kulehemu, na fundi simu humhitaji. Tandika kitambaa mezani, weka kisosi cha skrubu, zima feni. Nafuata mpangilio huu:

1. Pachika CM4 kwenye kadi yake ya adapta. Vile viunganishi viwili vya chini vikae sawa kwanza, ndipo ubonyeze pande zote mbili kwa pamoja hadi vishike. Usianze na upande mmoja.

2. Kadi hiyo iingize kwenye sloti ya ubao mkuu. Inafanana na sloti ya RAM ya laptopu: inaingia kwa mshazari, halafu unailaza.

3. Unganisha antena ya Wi-Fi. Kichwa chake ni kidogo kuliko punje ya mchele na kinabonyezwa wima. Hiki ndicho kipande cha kuvumilia katika kazi yote. Kikikataa, kiinue, kilenge upya, ukilazimisha kinapinda. Usikiruke ukidhani antena ya ndani ya CM4 itatosha, kwa sababu ganda la chuma linaziba mawimbi.

4. Utepe wa skrini unaingia baada ya kuinua kilimi cha kufuli. Ukishaingia wote, shusha kilimi. Utepe ukienda upande upande, skrini inabaki nyeusi na utalaumu vitu vingine vyote isipokuwa huo.

5. Kibodi, kishikio cha betri, halafu ganda. Skrubu zikaze kwa zamu, kila moja kidogo kidogo, kama nati za gurudumu. Zikishashika, acha.

Usiweke betri hadi kadi ya SD iwe tayari.

Kadi ya SD

Kwanza hakikisha kadi ni ya kweli. Kadi za GB 128 ambazo ndani ni GB 8 zinauzwa kila kona. Kwenye laptopu yenye Debian au Ubuntu, weka programu iitwayo f3, kisha:

sudo apt install f3
f3write /media/jina/kadi
f3read /media/jina/kadi

Ya kwanza inaijaza kadi, ya pili inasoma kama kilichoandikwa kipo. Inachukua muda, na kadi ikifeli, rudisha dukani siku hiyo hiyo.

Pili, imeji ya mfumo, yaani faili lenye mfumo mzima wa kuandikwa kwenye kadi. Wengi hupakua Raspberry Pi OS ya kawaida, wanaiandika, wanawasha, giza. Raspberry Pi OS ya kawaida haiijui skrini hii wala saketi yake ya umeme. Inahitaji kerneli, yaani kiini cha mfumo, iliyorekebishwa. Pakua imeji iliyotengenezwa kwa ajili ya uConsole yenye CM4, ama ya ClockworkPi wenyewe, ama moja ya zile zinazotunzwa na watumiaji wa kifaa. Ni faili kubwa, gigabaiti kadhaa, kwa hiyo lipakue kazini au chuoni kama bando ni la kuhesabu.

Chomeka kadi kwenye laptopu, tazama imepewa jina gani, kisha andika:

lsblk
unxz mfumo.img.xz
sudo dd if=mfumo.img of=/dev/sdX bs=4M status=progress conv=fsync

Badala ya sdX weka jina la kadi uliloliona kwenye lsblk. Lisome mara mbili. Amri ya dd haiulizi swali. Ukiitaja diski ya laptopu, inafuta diski ya laptopu. Kwa mwenye Windows, Raspberry Pi Imager au balenaEtcher zinafanya kazi hiyo hiyo kwa usalama zaidi.

Kuwasha kwa mara ya kwanza

Weka kadi, weka betri, bonyeza kitufe cha kuwasha kwa sekunde chache. Mwako wa kwanza huwa wa polepole. Skrini ikiwaka lakini maandishi yamelala ubavu, umetumia imeji isiyo ya kifaa hiki: kioo chenyewe kimetengenezwa kwa wima, na ni mfumo ndio unaokigeuza.

Ukiingia, kazi ya kwanza ni nywila. Jina na nywila zinazokuja na imeji zimeandikwa hadharani, kila mtu anazijua:

passwd

Kisha mtandao. Washa hotspoti ya simu, na kwenye uConsole andika nmtui. Menyu yake inatosha kwa mishale na Enter. Ikiona mtandao kwa shida hata simu ikiwa kando, fungua faili la config.txt lililoko /boot au /boot/firmware na uhakikishe mstari huu upo:

dtparam=ant2

Huo ndio unaoiambia CM4 itumie antena ya nje. Kisha weka saa za nyumbani:

sudo timedatectl set-timezone Africa/Dar_es_Salaam

Aliyeko Kenya aandike Africa/Nairobi, ingawa saa ni ile ile.

Herufi zinazosomeka

Skrini ina nukta 1280 kwa 720 ndani ya inchi 5, karibu nukta 294 kwa inchi. Ni kali sana, na ndiyo maana herufi za kawaida zinaonekana kama sisimizi. Watu wengi wanahangaika kukuza vitu kwenye mazingira ya madirisha, kila programu na ukaidi wake. Mimi nazima madirisha kabisa:

sudo systemctl set-default multi-user.target
sudo dpkg-reconfigure console-setup

Kwenye maswali chagua UTF-8, kisha fonti ya Terminus, kisha ukubwa wa 16x32. Sasa gawanya 1280 kwa 16: safu 80 kamili. Mistari ni 22. Terminali ya VT100 ya mwaka 1978 ilikuwa na safu 80 kwa mistari 24, na programu nyingi za terminali hadi leo zimepangwa zikitegemea upana huo. Nilipoiona hesabu hiyo nilicheka peke yangu. Ni kana kwamba kioo kilipimwa kwa ajili yake. Macho yakiwa bado makali, 14x28 inakupa safu 91 na mistari 25.

Siku ukihitaji madirisha, andika startx au sudo systemctl isolate graphical.target kulingana na imeji yako. Yapo, yanasubiri.

Vidole gumba viwili

Hutapiga chapa kwa vidole kumi hapa. Unashika pande mbili na kuandika kwa dole gumba, na jambo hilo linabadilisha namna ya kupanga mazingira: kila amri ndefu ni adhabu. Kwa hiyo fupisha. Weka majina mafupi kwenye ~/.bashrc, na seva zako kwenye ~/.ssh/config, ili kuingia kazini iwe ni kuandika neno moja. Zoea kitufe cha Tab kumalizia majina, na Ctrl+R kutafuta amri za nyuma.

Kwa Kiswahili kibodi ya kawaida ya Kimarekani inatosha. Hatuna herufi zenye vikofia, na ng' inahitaji tu alama ya mkato wa juu. Kamusi ya kukagua tahajia ipo pia:

sudo apt install hunspell hunspell-sw
hunspell -d sw_TZ makala.txt

Inakataa maneno mengi halali, hasa vitenzi vilivyonyambuliwa sana, lakini inashika makosa ya gumba lililoteleza.

tmux na mosh

Kama ungeniachia programu mbili tu kwenye mashine hii, ningechukua hizi.

sudo apt install tmux mosh

tmux inagawa skrini moja kuwa nyingi na kuzihifadhi. mosh inachukua nafasi ya ssh, ile amri ya kuingia kwenye seva, mahali ambapo mtandao unakatika na kurudi. Ukiwa kwenye daladala, simu ikihama kutoka mnara hadi mnara, ssh inaganda na hatimaye inakufa. mosh inasubiri. Mtandao ukirudi, hata kama anwani yako imebadilika, unaendelea pale pale. Pia inakuonyesha herufi unazoandika papo hapo bila kungoja seva ijibu, na kwenye mtandao mzito hiyo peke yake ni nafuu kubwa. Inahitaji kuwekwa pande zote mbili, na seva iruhusu UDP kwenye milango 60000 hadi 61000. Ikikataa kuunganisha, karibu kila mara ni ukuta wa moto wa seva.

Tengeneza ufunguo badala ya kuingia kwa nywila:

ssh-keygen -t ed25519
ssh-copy-id mimi@seva

Ikikuuliza neno la siri la ufunguo, usibonyeze Enter tu. Kifaa hiki kinaingia kwenye mkoba, na mkoba unaibika.

Amri za tmux huanza kwa Ctrl+B. Kwa gumba mbili ni rahisi zaidi ukichagua herufi iliyo mbali na Ctrl, ili kila gumba libonyeze chake. Hii ndiyo ~/.tmux.conf ya kuanzia:

unbind C-b
set -g prefix C-o
bind C-o send-prefix
set -g status-right '#(cat /sys/class/power_supply/*/capacity)%% %H:%M'

Unayetumia kihariri cha nano chagua herufi nyingine, maana Ctrl+O ndiyo ya kuhifadhi faili. Mstari wa mwisho unaweka asilimia ya betri kwenye kona ya chini. Bila huo utakatikiwa katikati ya sentensi.

Kubana umeme na bando

CM4 haina usingizi kama wa laptopu. Ama imewaka ama imezimwa, kwa hiyo usiitie mkobani ikiwa hai ukidhani imelala. Utaitoa ikiwa ya moto na betri imekwisha. Zima kwa sudo poweroff. Unapoandika tu bila mtandao:

rfkill block wifi
rfkill block bluetooth
echo powersave | sudo tee /sys/devices/system/cpu/cpu0/cpufreq/scaling_governor

Amri ya mwisho inakishusha kichakato hadi MHz 600, na kihariri cha maandishi kama vim hakitajua tofauti. Mwanga wa skrini unashushwa kwa brightnessctl, nao ndio unaookoa zaidi.

Kwa upande wa bando, weka maktaba ndani ya kadi. Kiwix, mradi wa kusoma tovuti bila mtandao, wanatoa Wikipedia ya Kiswahili nzima kama faili moja la zim. Lipakue mara moja, halafu:

sudo apt install kiwix-tools
kiwix-serve --port 8080 wikipedia_sw.zim

Aliyeunganishwa kwenye Wi-Fi moja na wewe anaweza kuifungua kwa kivinjari cha simu yake kupitia anwani ya uConsole na namba 8080. Darasani au kijijini, hiyo ni maktaba inayokaa mfukoni mwa koti, na haili hata megabaiti moja ya mtu.

Masasisho na nakala ya akiba

Usikimbilie apt upgrade. Kwa kuwa kerneli yako ni ya kipekee, sasisho la kawaida likileta kerneli ya Raspberry Pi ya kila siku na kuikalia, mwako unaofuata ni giza. Tazama orodha kwanza:

sudo apt update
apt list --upgradable
apt-mark showhold

Ukiona raspberrypi-kernel au linux-image-rpi-v8 kwenye orodha ya kusasishwa, na imeji yako haisemi kwamba inazitumia, zizuie kwa jina ulilolikuta, mfano:

sudo apt-mark hold raspberrypi-kernel

Kisha nakili kadi nzima kwenye laptopu kabla ya sasisho lolote kubwa:

sudo dd if=/dev/sdX of=uconsole-akiba.img bs=4M status=progress

Iandike nakala hiyo kwenye kadi ya pili na utembee nayo. Skrini ikizima baada ya sasisho, toa kadi iliyoharibika, weka ya pili, washa. Ile ya kwanza ichomeke kwenye mlango wa USB kwa kisoma kadi, ifungue kwa mount, na uvute faili zako kutoka /home. Kurekebisha kerneli yake ni kazi ya Jumamosi.